Mduara wa Verediana

Jumatatu, 3 Juni 2024
Semina ya bwana shamba Danstan, hapa Kanazi. Soda moja, maandazi mawili. Alichora mduara ubaoni: udongo ukichoka tunalima hadi mteremkoni, mvua inausomba, unazidi kuchoka, nasi tunazidi kulima. Alisema matokeo hurudi yakawa chanzo. Anayetaka kuvunja mduara atafute mkono wake unaingilia wapi. Elimu kubwa! Jioni nikachora wangu. Mke wangu Verediana, aliyerudi kwao Nemba wiki tatu sasa, hapokei simu, ndiyo maana napiga. Nikipiga, hapokei. Mkono wangu sikuuona popote. Kosa ni la mtandao.

Jumatano, 5 Juni
Nimepiga mara kumi na tisa. Kapokea! Akasema amechoka kuulizwa yuko wapi, na nani, anarudi saa ngapi. Hayo hayo ndiyo yaliyomtoa nyumbani. Nikinyamaza, Jumapili atarudi. Furaha iliyoje! Nikampigia mara moja tu kuuliza ni Jumapili ipi. Kisha mara nne kuuliza kama amekasirika. Kazima simu.

Alhamisi, 6 Juni
Nyumba kimya. Nimemenya ndizi za watu wawili, mkono umezoea. Nimekula peke yangu, bila hamu. Jirani yangu Tecla akiniona anaingia ndani na kufunga mlango. Eti anadhani naenda kuazima simu. Nilikuwa naenda kuazima simu.

Ijumaa, 7 Juni
Mpango! Jumapili ni mbali. Nitamfuata na pombe ya ndizi ya ukweni, dumu zima la lita ishirini. Kutwa nzima nimeihangaikia, hata kupiga simu nimesahau.

Jumamosi, 8 Juni
Nemba. Nikamwamkia baba mkwe, mzee Faustini. Akaitikia marahaba, akashangaa. Verediana kapanda gari alfajiri kuja kwangu! Jana aliwasha simu, akaona sijapiga hata mara moja, moyo ukalainika. Nikaruka niondoke. Nikakalishwa: aliyeleta pombe ukweni haondoki dumu likiwa na kitu. Majirani wakasikia harufu, wakaja. Kila aliyeingia alitoa hotuba, kila hotuba ikaita msemaji mwingine, na anayehutubia hanywi. Nikampigia Verediana mara thelathini nimwambie asubiri. Akiona namba yangu anakata.

Jumapili, 9 Juni
Nimefika Kanazi mchana. Tecla, akiwa dirishani, akaniambia Verediana alikuta kufuli, akakaa mlangoni hadi jioni huku simu ikilia, akasema sijabadilika. Kalala kwa Tecla, asubuhi karudi kwao. Tumepishana njiani. Alipokuwa akinisubiri alifagia uwanja wote. Nimekaa mlangoni alipokaa, nimelia kidogo. Nina upweke, sifichi.

Lakini kaacha neno: mwezi mmoja wa ukimya, ndipo atarudi. Nimekubali! Mwezi mzima sitamsumbua. Nitampigia kila asubuhi, dakika moja tu, ajue kwamba nimenyamaza.