Kitambaa Chenye Historia

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nina miaka sabini na sita. Nimewazika madaktari wawili walionikataza chumvi, cherehani tatu, na fasheni zote: suruali pana, suruali za kubana, nailoni. Leo kaingia binti anayeolewa, mteja wa kwanza tangu mwaka uanze. Gauni lake la harusi likiniponyoka, nafunga duka. Nikamtandikia kitambaa kipya, cheupe pe. Akasema, babu, viwanda vya nguo mpya vinachafua mito, nataka gauni litokane na nguo ya zamani, yenye historia. Makubwa! Miaka hamsini wateja walinifokea kwa uzi mmoja uliochakaa. Leo uchakavu ndio wanaoutaka!

Kule ng'ambo ya barabara kwa Mama Viraka, anayeshona upya nguo kuukuu, foleni hadi nje. Kutunga sindano nilimfundisha mimi!

Jumanne, tarehe 4
Kichwa kama hiki changu hana mtu. Nimechemsha kitambaa kipya kwa majani ya chai, nikakisugua kwa tofali. Kimezeeka miaka arobaini kwa asubuhi moja. Mke wangu kauliza sufuria yake imefanywa nini. Nimemwambia asiingilie ufundi.

Alhamisi, tarehe 6
Binti kaja kupima. Nikamwambia hii ilikuwa shuka ya bibi yangu mzaa baba. Machozi yakamlenga. Kisha akageuza pindo. Muhuri wa kiwanda! Na mwaka: huu huu! Akauliza bibi alifariki lini, juzi? Kanipa hadi Jumamosi.

Ijumaa, tarehe 7
Nimepata cha kweli. Gauni la harusi la mke wangu, kazi ya mkono wangu, hakuna mshono ulioachia. Mwenyewe alipokwenda sokoni, nimelikata na kulishona upya kwa vipimo vya binti.

Jumamosi, tarehe 8
Binti alilipokea kama anayepokea mtoto mchanga. Nikamwambia ni la harusi ya mke wangu. Akauliza, mwenyewe amekubali? Nikasema hajaambiwa bado. Akaliweka mezani polepole, akavuka barabara.

Mke wangu kaokota vipande sakafuni, kimoja kimoja. Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Kahamia kwa dada yake.

Jumapili, tarehe 9
Duka nimelifunga. Nyumba kimya, hata chai sijui inakaa kopo gani.

Nimekwenda kuomba radhi. Shemeji ana sanduku zima la magauni ya zamani, historia tupu! Sijamaliza kusema nisameheni, mkasi ukachungulia mfukoni mwangu. Mlango pu! Mke wangu sikumwona.

Kosa liko wazi: mfuko mfupi. Sasa hivi nashona mwingine, ufike gotini.

Atakayesema naongopa amuulize shemeji. Mkasi kauona kwa macho yake.