Uzinduzi wa Dawati la Haki la Wazazi wa Mableu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye alinipigia simu akiwa amekwama kwenye taa za barabarani, hizi tunazoziita robot, za Clairwood nyuma ya malori na tangu hapo hapatikani. Waheshimiwa wachungaji na masheikh. Waheshimiwa Wenyeviti Wastaafu wa Shirikisho, mliokaa pembe tofauti za ukumbi kwa sababu zinazoeleweka. Katibu wangu dada Rhoda. Watanzania wa hapa Isipingo, ndugu zetu wa Kongo mliotoka mjini, jamaa wa Chatsworth. Wazazi, walezi, wadau, na ma-stakeholder ambao si wadau. Watoto mliofuata soda. Na mwisho, lakini si kwa umuhimu, mimi mwenyewe, Daktari wa Heshima Japhet Chacha, Mwenyekiti wa Kudumu wa Mpito wa Shirikisho la Wazungumzaji wa Kiswahili Durban na Vitongoji Vyake: itifaki imezingatiwa.

(Makofi kutoka mstari wa mbele. Mtu wa nyuma anauliza kama soda zimefika.)

Ndugu wananchi wa nchi mbalimbali! Leo ni siku ambayo wajukuu zetu watasoma habari zake shuleni, kwani leo, mbele ya macho yenu, na mbele ya spika hizi mbili za ndugu Serge, ambazo naomba ziongezwe sauti kidogo upande wangu, Shirikisho linazindua rasmi Dawati la Haki la Wazazi wa Mableu. Kwa wale ambao hamkusoma, nafafanua. Bleu ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na jina hilo tumeazima kwa ndugu zetu wa Kongo, pamoja na desturi yake ya kwamba bleu akifika chuoni hubatizwa na wakubwa zake, yaani anachezewachezewa kidogo ili akili imkae sawa. Dawati hili litawahudumia wazazi ambao watoto wao, katika kuchezewachezewa huko, walipata changamoto.

(Mwanamke mmoja katikati ya ukumbi: "Changamoto? Mutoto yangu mafigo yake ilikufa!")

Namtambua Mama Élisabeth. Mnamfahamu nyote, ana kibanda cha simu pale karibu na rank ya taxi, na ni mama wa kijana Prodige, ambaye kwa namna moja ama nyingine ndiye chimbuko la mchakato huu. Mama, keti, nakuja hapo hapo.

Mwezi wa pili mwaka huu, kama mnavyofahamu, kulitokea kule Clairwood jambo ambalo Kamati Tendaji, baada ya vikao virefu na chakula, imeliita Mkanganyiko wa Kimazoezi. Vijana wa Tawi letu la Wanafunzi waliwachukua mableu wakawapeleka kwenye yadi ya malori, wakawarusha kichurachura katikati ya makontena, ndoo ya maji kichwani, jua likiwa kali. Mimi mwenyewe nimerushwa kichurachura tangu darasa la tatu, na nitazameni! Nimekuwa Mwenyekiti! Wenzake Prodige walimaliza wakaenda kunywa soda. Prodige akashindwa kusimama, mkojo ukatoka mweusi, na leo anasafishwa damu kwa mashine, na masomo yamesimama. Inasikitisha. Shirikisho lilisikitika siku hiyo hiyo, kwa mujibu wa katiba.

(Minong'ono. Mama Élisabeth hajaketi.)

Sasa wapo wanaosema kwamba aliyepuliza filimbi siku ile, aliyekuwa anahesabu na kuwaambia "bado, bado", anajulikana kwa jina. Ndugu zangu, majina ni mengi duniani. Mimi sitataja jina la mtu, hata kama mtu huyo nimemlea mwenyewe, nimemsomesha mwenyewe, na nimempa jina langu mwenyewe na kumwongezea Junior. Hapa hatutafuti mchawi. Hapa tunajenga taasisi.

(Kicheko kirefu. Mzee mmoja anapiga goti lake kwa kiganja.)

Ahsanteni kwa kuniunga mkono. Taasisi hii ina dira, ina dhamira, ina roadmap, na ina kitu kinaitwa monitoring and evaluation, ambacho nilikisikia kwenye semina na kimenikaa moyoni. Takwimu zetu zinaonesha kwamba kuridhika kwa wazazi kumepanda hadi asilimia mia moja na kumi na nne, na hiyo ni kabla ya ofisi kufunguliwa. Fikirieni ikifunguliwa! Mwanasheria wetu mkuu mmemuona kwenye bango pale mlangoni, yule mwenye tai nyekundu na vitabu nyuma yake. Msomi mnyenyekevu mno. Hapendi kuonekana.

(Mama Élisabeth: "Papa Président, tangu mwezi wa tatu unaniambia ningojee bureau ifunguliwe. Bureau iko wapi? Avocat wa bango iko wapi? Wananiambia muda wa kushitaki inaisha!")

Mama Prodige, muda ni fikra za kizungu. Sisi tuna subira. Na kwa kuwa umeuliza kwa uchungu, na uchungu wako naupokea kwa mikono miwili, acha niseme jambo lililonileta hasa hapa, maana yapo mambo ya hatari yanayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na mimi kama kiongozi siwezi kunyamaza huku mnapotoshwa. Nitayataja moja moja, kwa ufasaha, ili kila mmoja ayajue na ayaepuke.

Upotofu mkubwa kuliko wote ni kwenda polisi. Kuna watu wanawadanganya wazazi kwamba unaweza kuingia kituo chochote, hata hiki cha Isipingo hapa nyuma ya maduka, ukasema mwanangu ameshambuliwa na kuumizwa vibaya, na askari akalazimika kufungua kesi na kukupa namba ya kesi, bila malipo yoyote. Bila malipo! Jamani, kitu cha bure kina nini ndani yake? Na eti wanasema hata kama karatasi zako za ukimbizi zimeisha muda, huo si mjadala, kwani anayelalamika hapo ni mtu aliyeumizwa na sheria ya nchi inamlinda kila aliyemo ndani yake. Yaani wanasema kana kwamba wameisoma katiba!

(Watu wanasogeza viti mbele. Sauti ya kiume kutoka dirishani: "Rudilia hapo, papa, pole pole. Niko naandika.")

Nirudie? Kwa furaha kubwa! Nyinyi ndio wananchi ninaowataka, wananchi wanaoandika maneno ya kiongozi wao. Narudia: kituo chochote, useme kushambuliwa na kuumizwa, udai namba ya kesi, bure, karatasi si kikwazo. Mmeandika? Msifanye.

Upotofu unaofuata ni huu wa kukimbilia mahakamani kudai fidia. Wanasema kesi ya polisi ni ya kumwadhibu aliyekosa, lakini ipo nyingine pembeni yake, ya madai, ambayo mzazi na mtoto wanaweza kuwadai wale waliofanya na hata chuo chenyewe, ikiwa chuo kilijua mambo haya hufanyika kila mwaka na kikafumba macho. Wanasema unadai gharama za hospitali, mwaka wa masomo uliopotea, maumivu, na matibabu yatakayokuja baadaye. Maumivu nayo yanadaiwa! Mimi nikidai maumivu niliyopata katika uongozi huu, Durban yote itafilisika. Na wanaongeza kwamba madai haya yana ukomo wake, na kama chuo ni cha serikali, taarifa ya maandishi yatakiwa mapema zaidi, hivyo anayekaa kungoja ngoja anajifungia mlango mwenyewe. Hapo ndipo wanaposhambulia subira yetu.

(Mama Élisabeth: "Kumbe." Anakaa, anatoa simu, anaanza kuandika.)

Ahsante, Mama, kwa kukaa. Mnaona? Elimu inatuliza.

Sasa nani atawapigania huko mahakamani, maana mawakili wa mjini wanavaa saa ambazo mimi na wewe tungenunulia gari? Hapa ndipo uongo unaponoga. Wanadai kwamba vyuo vikuu vya hapa vinavyofundisha sheria vina kliniki zao, ambamo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakisimamiwa na mawakili wenyewe wanamsikiliza mtu asiye na uwezo, bure tena! Na kwamba wapo mawakili wa msaada wanaolipwa na serikali. Na kwamba ipo tume ya haki za binadamu inayopokea malalamiko ya mtu yeyote. Na kwamba hata chuo chenyewe kinaweza kuandikiwa malalamiko, na kikijibu au kikinyamaza, majibu hayo au ukimya huo unahifadhiwa kwa ajili ya kesi. Nimefuatilia mambo haya kwa undani sana ili niweze kuyakataza.

(Sauti kadhaa kwa pamoja: "Rudilia!" "Hiyo kliniki, mheshimiwa, kliniki!")

Kliniki ya sheria ya chuo kikuu! Ke, le, i... nani ananisaidia kuitamka? Vizuri sana! Semeni wote!

(Ukumbi mzima: "Kliniki ya sheria!")

Sijawahi kupata ukumbi wa namna hii tangu nichaguliwe, na nilijichagua zamani. Nalimalizia la mwisho, nalo linahusu simu zenu. Wapo vijana waliorekodi video siku ile, na kwenye video hizo inasikika filimbi, inasikika sauti ikisema "bado, bado", na anaonekana Prodige akianguka na ndoo na akiamriwa kuinuka. Nawaagiza mzifute leo. Mtu akizihifadhi, akamtumia mzazi, na daktari naye akaandika ripoti ya majeraha, basi mwanasheria mkorofi anaweza kuviita vitu hivyo ushahidi, na hapo hata mimi sitaweza kuzuia. Naona wote mnatoa simu. Ahsanteni kwa utii wenu.

(Milio ya ujumbe kutoka kona zote za ukumbi. Simu ya Mama Élisabeth inalia mfululizo. Anaitazama, anaweka kiganja mdomoni, anasimama.)

Mama, bado sijamaliza.

(Mama Élisabeth: "Mimi nimemaliza, Papa Président. Aksanti sana. Miezi yote hii nilikosa mutu wa kunielezea vizuri." Anaelekea mlangoni. Mstari wake wote unamfuata.)

Naam! Mnaona, wananchi wamesimama! Kusimama kwa heshima, kwa lugha ya kimataifa standing ovation, sikuomba, imetoka mioyoni! Endeleeni kusimama! Wale wa nyuma nanyi simameni! Mnaweza kusimama huku mkitembea, hakuna shida, nje kuna hewa. Pitieni mlango ule mkubwa, msisukumane. Katibu Rhoda, nawe? Sawa. Katibu ametoka kwa niaba yangu.

Kwa heshima hii kubwa mliyonipa, natamka sasa kaulimbiu za Shirikisho. Nikisema Subira, mnasema Ndiyo Haki! Subira!

(Mlangoni mtoto mmoja anarudi, anachukua soda yake, anatoka.)

Subira!

(Serge, akikunja waya: "Ndiyo haki, papa.")

Ahsante, Serge. Na sasa shukrani, kwa kuwa kiongozi asiyeshukuru hafai. Namshukuru Odette wa saluni ya chini kwa kutuazima mlango wake tuukatie utepe. Utepe ukishakatwa, mlango unaendelea kuwa wa saluni, na wateja wa kusuka wasiwe na wasiwasi. Namshukuru ndugu Machano, kwa kukubali kuacha lori lake Clairwood kwa nusu saa, akavaa tai yangu nyekundu, akapigwa picha kwenye duka lenye ukuta uliochorwa vitabu. Nawashukuru wafadhili, ambao nitawatafuta. Namshukuru fundi wa bango, kwani bango ndilo lililokamilika kwa asilimia mia. Na kwa dhati kabisa nawashukuru wazazi waliongoja miezi yote hii, kwa sababu bila kungoja kwao sisi tusingekuwa na kitu cha kuzindua.

(Simu ya Mwenyekiti inaita. Anaipokea bila kuzima maikrofoni.)

Junior? Niko jukwaani, mwanangu. Nani amepita hapo rank? Na watu wote hao? Kituoni? Wanataja jina lako lote au nusu? Lote. Na hiyo video... nimewaambia waifute, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu! Usilie. Usikimbie, ukikimbia watasema ni wewe. Kaa kimya, usijibu chochote mpaka uwe na mwanasheria. Hapana, mwanangu, si yule wa kwenye bango. Yule ni Machano. Yuko barabarani na kontena.

(Anakata simu. Ukumbi ni mtupu.)

Serge. Acha waya kwanza. Ile kliniki ya bure niliyowakataza watu wasiende, nilisema inafunguliwa saa ngapi?

(Serge: "Hukusema, papa. Kaulize Mama Élisabeth, yeye aliandika.")