Bodi Isiyo na Kosa Hata Moja

Jumatatu, 4 Machi

Ulimi hauna mfupa. Leo umenifikisha pabaya.

Shangazi yake mke wangu, muuguzi mkuu wa kliniki ya mtaani kwetu, alikuja kututembelea akiwa mnyonge. Umeme ulikatika jana kutwa, friji la chanjo likapata joto, na hakuna aliyejua mpaka leo asubuhi. Chanjo zote zimetupwa. Kina mama wamerudishwa nyumbani na watoto wao mgongoni. Alikuwa anasimulia tu. Hakuniomba kitu! Mimi ndiye niliyedakia kwamba friji lile linataka king'ora kidogo chenye betri yake, kipige kelele joto likipanda, na kwamba mimi, fundi redio wa mtaa mzima, nitakiunda kabla ya Jumamosi.

Shangazi akanishika mikono yote miwili, akaniombea dua. Mke wangu akanitazama kwa jicho la pembeni. Akashauri nimwombe msaada kaka yake, yaani Shemeji, anayefundisha umeme chuoni. Nikamjibu kwamba Shemeji ana kazi nyingi mno, tusimchoshe. Ukweli ni kwamba heri nimeze wembe. Mtu yule hucheka kwa pua.

Nimeshapakua programu ya kuchora bodi za saketi, vile vibao vya shaba vilivyo ndani ya redio. Programu huria: ya bure, imeundwa na watu wa kujitolea. Nikaifungua. Skrini nyeusi, vitufe vimejaa kama njugu kwenye sinia. Nikaifunga. 

Jumanne, 5 Machi

Nimechora tangu asubuhi. Kila nikivuta mstari kutoka kwenye betri kwenda kwenye king'ora, unagoma njiani kama punda aliyechoka.

Nikaingia kwenye jukwaa la watumiaji wa programu hii, huko mtandaoni, wanakosaidiana. Juu kabisa pana tangazo: soma kwanza jinsi ya kuuliza swali. Sikusoma. Mtu nyumba yake inaungua, asome tangazo? Nikaandika kwa herufi kubwa: PROGRAMU YENU MBOVU, WAYA HAZIUNGANI, NATAKA JIBU UPESI.

Chai haijapoa, mmoja anayejiita Mzee Lehemu akajibu. Akanisalimu vizuri tu. Akauliza natumia toleo gani la programu. Kisha akaniomba niweke faili langu pale jukwaani, aone tatizo liko wapi.

Faili langu! Nikamjua papo hapo. Mwizi! Anataka kunyakua uvumbuzi wangu akauite wake. Nikamwandikia kwamba faili ni siri ya kazi, anisaidie hivyo hivyo. Akajibu kwamba hata daktari hampasui mgonjwa kwa simu. Watu wakaweka alama za kucheka.

Kwa pua, bila shaka.

Jumatano, 6 Machi

Kinyozi wa jirani, mwenye falsafa nyingi kuliko wateja, amenipa siri. Anasema binadamu hapendi kusaidia, anapenda kusahihisha. Ukitaka jibu la kweli, toa la uongo, kisha ujiweke pembeni.

Nikafungua akaunti ya pili. Jina: Profesa Saketi. Profesa akalijibu swali langu kwa kujiamini sana, kwamba waya zisipoungana dawa yake ni kupunguza mwanga wa skrini.

Watu wa jukwaani wakashuka kama kunguru kwenye jalala! Na katikati ya kelele zile jibu likaanguka: kila kipande kwenye mchoro kina nukta yake, na mstari sharti uiguse nukta yenyewe, usisimame jirani nayo. Nikajaribu. Ukashika! Nikampigia kinyozi saluti kupitia dirisha.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini wale watu hawakumwacha Profesa. Mmoja akasema huyu uprofesa kausomea jikoni. Damu ikanichemka. Nikaandika kwa ukali kwamba nimefundisha vyuo vikubwa kabla yeye hajaota meno, nikabonyeza tuma. Ndipo nikatazama vizuri. Nimejibu kwa akaunti yangu mwenyewe, siyo ya Profesa.

 Kisha Mzee Lehemu akaandika: karibu, Profesa, sasa tuwekee faili.

Nimefunga kompyuta. Masikio yanawaka moto.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee Lehemu amenitumia ujumbe wa faragha. Hakunisimanga. Alisema kila mtu alianza gizani, na kama sitaki kuonyesha faili, basi nifanye jambo moja tu: nisichape bodi kabla ya kubonyeza kitufe cha ukaguzi. Programu yenyewe itanionyesha makosa yangu.

Nikabonyeza. Mama yangu! Mishale myekundu bodi nzima, kama mtoto mwenye surua. Mmoja unalalamika kwamba mguu wa betri haujaungwa na kitu chochote. Nikarekebisha huku, ikazuka mingine kule. Jasho likanitoka. Shangazi akapiga simu kuuliza kama sasa anaweza kuwaambia kina mama warudi. Nikasikia mdomo wangu ukisema awaambie.

Nikapekua menyu ya programu. Nikakuta kisanduku kidogo kimeandikwa: onyesha makosa. Nikaondoa tiki.

Mishale yote ikayeyuka. Bodi ikawa safi kama sahani ya mgeni. Haina kosa hata moja!

Nikachapa mchoro kwenye karatasi ya kung'aa, nikaupigia pasi juu ya kipande cha shaba, nikakitumbukiza kwenye dawa inayokula shaba isiyotakiwa. Imetoka bodi ya kupendeza. Pasi ilikuwa ya mke wangu. Sasa ana blauzi nyeupe yenye saketi mgongoni, na amenena maneno ambayo sitayaandika humu.

Mbona moyo hautulii?

Jumamosi, 9 Machi

Nimekifunga. Kiboksi cheupe ubavuni mwa friji, na uzi mwembamba wa kupimia joto umeingia ndani. Wauguzi walisimama kutazama. Nikawasha swichi.

Kimya.

Shangazi akauliza mbona hakisemi. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba kikinyamaza maana yake baridi ipo ya kutosha. Wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimerudi nyumbani nikijiuliza. Nilikijaribu kabla ya kukifunga? Sikukijaribu. Ningekijaribu halafu kisilie, ningefanyaje?

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kliniki na kikohozi cha kubuni ili nipite karibu na friji. Kabla sijafika, muuguzi mmoja akanikamata, akanisikiliza kifua, akanichoma sindano. Nakaa upande.

Baadaye nikasema nimekuja kukagua mtambo. Nikaufumbata ule uzi wa kupimia joto kiganjani. Kimya. Nikaupumulia mpaka kichwa kikazunguka. Kimya! Friji lile lingeweza kuchemsha mayai na kiboksi changu kingetazama tu.

Nikaazimia kumwambia Shangazi. Nikamfuata ofisini. Nikamkuta anawaeleza wageni kwamba chanjo mpya zinakuja kesho, safari hii hakuna hofu, maana mkwe wake ameweka mtambo. Akanionyesha kwa kidole. Wageni wakasimama kunipa mkono.

Nikawapa mkono.

Jumanne, 12 Machi

Naandika haraka haraka, msomaji usinilaumu kwa mwandiko. (Msomaji gani? Ole wake atakayesoma.)

Chanjo zilifika asubuhi. Mchana, redio ya mteja ikazimika mezani kwangu. Nikaitingisha. Nikatazama feni. Imesimama. Umeme!

Nilikimbia na bisibisi mkononi. Watu walinipisha wakidhani namfukuza mtu. Kliniki imejaa kina mama kwenye mabenchi, watoto wanalia kwa zamu, wauguzi wote wako na foleni upande wa mbele. Chumba cha friji hakina mtu. Kipimajoto cha mlango wa friji kinapanda polepole. Kiboksi changu kimetulia kama kimepewa rushwa.

Shangazi akachungulia mlangoni.

"Umefika, mkwe wangu? Umeme umekatika, lakini nakisikiliza chombo chako. Hakijalia bado, eti?"

"Bado, Shangazi."

"Basi tuko salama. Kikilia ndiyo tutahamisha chanjo kwenye makasha ya barafu."

Akaondoka. Maji yamenifika shingoni. Nikimwambia, aibu. Nisipomwambia, watoto wale wote nje! Nikamsikia mmoja akipiga chafya. Sijui kwa nini chafya ile ndiyo iliyonimaliza.

Nikajipenyeza nyuma ya friji, kwenye vumbi na utando wa buibui. Nikavuta pumzi.

"Piiiii!" nikalia. "Piiiii! Piiiii!"

Nikasikia viatu vinakuja mbio. Shangazi anapaza sauti, makasha, leteni makasha! Friji likafunguliwa, barafu zikagongana, chanjo zikahamishwa zote huku mimi nalia tu, kwa sababu nikinyamaza mapema watasema joto limeshuka. Pumzi ikakatika katikati ya mlio mmoja, ukatoka kama wa mbuzi. Muuguzi mmoja akasema betri imeanza kuchoka.

Chanjo zimepona zote. Kina mama wamehudumiwa. Nilibaki nyuma ya friji mpaka chumba kikawa kitupu.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu amemwita Shemeji. Anasema nilirudi na utando wa buibui kichwani na sina sauti, na ananihofia akili.

Shemeji akanipeleka kliniki, akafungua kiboksi, akachungulia.  Kisha akaniuliza taratibu:

"Shemeji, jana hiki kililia?"

"Kililia."

"Mguu huu wa betri haujaungwa popote. Hakijawahi kuwa hai hata dakika moja. Kililiaje?"

Nikatazama dari. Shangazi akaingia, akamweleza jinsi kilivyolia, akaigiza ile piiii, na ule wa mbuzi. Shemeji akanitazama. Akatazama nafasi nyuma ya friji, ambako vumbi limeacha umbo la mtu mwenye kitambi.

Hakucheka. Si kwa pua, si kwa mdomo. Alimwambia Shangazi kwamba waya mmoja umelegea, akaulehemu, akakijaribu mbele yangu. Kililia mpaka nikaruka. Nje, alinisihi, kwa heshima zote, siku nyingine nimwite mapema, au niwape faili wale watu wa jukwaani, au japo niache makosa yaonekane. Nikamwahidi. Nilikuwa na machozi kwelikweli.

Ijumaa, 15 Machi

Sauti imerudi. Nimelala usingizi mzito kama mtoto.

Nimetafakari na nimeona kwamba kosa lilikuwa la waya. Waya wa siku hizi hauna nguvu.

Shangazi amekuja na habari njema. Daktari mkuu amesikia sifa zangu. Kliniki ina tangi la maji juu ya paa, na huwa linakauka bila mtu kujua, mpaka mama anayejifungua akiwa tayari kitandani. Anauliza kama inawezekana kuunda chombo cha kupiga kelele maji yakikaribia kwisha. Nimesema Jumatatu.

Mke wangu akauliza kama amwite kaka yake. Nikamkataza kabisa. Mtu ana wanafunzi wake, tusimsumbue. Na jukwaani nimewaandikia kwamba Profesa amestaafu, kwa hiyo hakuna haja ya maswali.

Kazi imeanza vizuri. Mchana huu nimepanda juu ya paa la kliniki, nikajibanza nyuma ya tangi. Panatosha mtu mmoja, na kivuli kipo. Ila kutoka pale mpaka wodini ni mbali. Ile piiii haitafika.

Nimeanza kujifundisha sauti nzito.