Barafu ya Chini ya Kitanda

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia. Aliwahi tu kumbebea ngazi fundi wa viyoyozi, mpaka fundi alipogundua kwamba mteja wao mmoja amelipia gesi ambayo haikuwahi kuingia kwenye mashine. Waliachana bila ugomvi mkubwa. Fundi alibaki na ngazi yake, mwenzake akabaki na jina.

Siku mambo haya yanaanza, Injinia alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vifaa, mgongo unamuuma. Mgongo huo tuufahamu vizuri, maana ndio chanzo cha yote. Mama mkwe wake alikuja kuwatembelea, "nawasalimia tu, naondoka," akapewa chumba cha kulala kama heshima inavyotaka, na tangu hapo hakuonyesha dalili ya kuondoka. Mke wa Injinia akawa analala na mama yake kitandani. Injinia akapewa kochi la sebuleni, kochi la watu wawili waliokaa, naye ni mtu mmoja mrefu. Kwa hiyo wakati ule hakuwa anatafuta utajiri. Alitaka kitanda chake, na mke wake humo.

Akaingia mzee mwenye kofia ya jua, anayeuza magari na mitambo iliyotumika. Mji mzima humwita Mzee Mtumba, naye huitika.

"Nipe feni, kubwa kuliko zote," alimwambia muuzaji. "Nina trela la kulala pale yadi. Nyumba kamili juu ya magurudumu: jiko, sebule, chumba. Kiyoyozi kiko juu ya paa. Sebuleni unatetemeka, chumbani unachemka. Na Jumamosi kuna mama anakuja kuliona. Ameshaniambia wazi, jiko haangalii, sebule haangalii, anaangalia atakapolala."

Injinia akanyoosha mgongo.

"Feni haitakusaidia, mzee wangu. Itazungusha joto lile lile. Utamkaanga mama wa watu bure."

"Wewe nani?"

"Injinia," alijibu, na kwa upande wa jina alisema kweli.

Walipofika yadi, Injinia alipanda juu ya kitanda cha trela, akafungua kifuniko cha tundu la upepo darini, akaingiza mkono mpaka begani. Kisha akaenda sebuleni akaichungulia mashine kwa chini. Hapa tumtendee haki: aliuona ugonjwa palepale. Hewa ya baridi ilitakiwa ipite ndani ya dari mpaka chumbani. Lakini ndani ya mashine, ubao unaotenga hewa inayotoka na hewa inayoingia ulikuwa umeachia. Mashine ikawa inapuliza baridi na kuivuta yenyewe, chumba kinaambulia pumzi. Dawa yake ilikuwa kipande cha ubao, selotepu pana ya rangi ya fedha, na kuziba kila mwanya mpaka kule juu ya kitanda. Ni kazi ya kumaliza kabla chai haijachemka.

Tatizo ni kwamba kazi ya namna hiyo hulipwa asante na soda. Na kwenye kona ya yadi Injinia alikuwa ameona friza jeupe, kubwa, zima.

Akarudi kwa Mzee Mtumba na uso wa msibani.

"Pole sana, mzee. Mzunguko umerudi nyuma."

"Unatengenezeka?"

"Unatengenezeka vizuri. Ila bomba lake linaagizwa nje, linakuja kwa meli."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi mama anataka baridi, na baridi ataipata. Sijasema ya milele."

Mzee Mtumba alitafakari. Huyu ni mtu aliyewahi kuuza trekta lisilo na injini kwa kuliegesha kwenye mteremko, kwa hiyo dhamiri yake haikuhitaji muda mrefu. "Ya milele siitaki mimi," alisema. "Nataka ya mpaka asaini." Wakakubaliana ujira uwe lile friza.

Mpango ulikuwa hivi. Chini ya kitanda cha trela kulikuwa na sanduku la kuwekea mizigo, lenye kifuniko kinachofunguliwa kwa nje. Injinia alitoboa vitundu karibu na mto, akaweka feni ndogo ndani ya sanduku, na Jumamosi asubuhi akalijaza barafu ya mifuko. Ili isiyeyuke upesi aliifunika kwa blanketi alilolitoa kwenye kochi nyumbani, la waridi kubwa kubwa. Hakuomba ruhusa. Tangu lini mtu akaomba ruhusa ya blanketi analojifunika mwenyewe?

Akachuchumaa nyuma ya trela, mifuko ya akiba miguuni. Ngazi ya mlango wa trela ikalia. Mtu akaingia.

"Na hapa ndipo pa kulala?"

Ilikuwa sauti ile ile inayomuuliza kila asubuhi kama leo amepata kazi. Injinia akakaa chini kwenye changarawe.

"Sikia hewa hiyo, mama," Mzee Mtumba alikuwa anasema. "Mzunguko wa kisasa."

"Mbona unatokea kwenye mto?"

"Ndiyo usasa wenyewe."

"Hm. Hebu nipishe kidogo nijaribu godoro."

Kitanda kikalia. Injinia alikuwa ameshika roho mkononi, na humo katikati ya hofu furaha ikamjia bila kubisha hodi. Akinunua, si atahama? Akihama, kitanda ni cha nani? Alifungua kifuniko polepole, akaongeza mfuko mmoja wa barafu, halafu mwingine. Hakuna mkwe aliyewahi kumhudumia mama mkwe kwa moyo mweupe kama ule.

Baadaye Mzee Mtumba alikuja nyuma ya trela akijifuta jasho.

"Amechukua?"

"Amechukua."

"Kwa bei yako?"

"Beba friza lako uende," alisema Mzee Mtumba. Injinia aliona ni kiburi cha mtu aliyetoka kupata hela, akamsamehe.

Trela likavutwa mpaka kiwanja kidogo mbele ya lango la kiwanda cha matofali, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwao. Jioni ile Injinia alilala kitandani kwake. Alilala usingizi mzito hata mkewe akamgusa kuhakikisha anapumua. Kesho yake akatoa kochi nje, akampa jirani bure, na mahali pake akaliweka friza likisubiri mnunuzi.

Siku iliyofuata, wakinywa chai, mkewe akasema, "Mama anasema mchana chumba kile kina joto. Akizidiwa atarudi tu, si kwao hapa?"

Injinia akaweka kikombe chini.

Ubao na selotepu alikuwa navyo. Lakini mianya iliishia juu ya kitanda, kitanda kiko chumbani kwa mama mkwe, na mwanamume mwenye akili zake haingii chumba anacholala mama wa mke wake, sembuse kusimama juu ya godoro lake. Kumtuma fundi? Fundi aliyemjua ni yule wa ngazi. Na angeelezaje amejuaje ugonjwa wa chumba ambacho hajawahi kukanyaga? Kilichobaki ni kile kifuniko cha nje.

Basi friza halikuuzwa. Lilichomekwa pale pale sebuleni, likanguruma usiku na mchana. Kila asubuhi mama mkwe alipokwenda sokoni, Injinia, mtu ambaye hakuwahi kuamkia kazi ya tajiri yeyote, alitoka na kiroba cha barafu begani, akazunguka nyuma ya trela, akajaza sanduku, akarudi kimya kimya. Cha ajabu, kila akifungua kesho yake hakukuta barafu wala maji. Sanduku kavu. Akalaani jua, akaongeza mifuko.

"Umebadilika, mume wangu," mkewe alimwambia. "Siku hizi unaamka mapema."

"Majukumu," alisema Injinia.

Siku moja umeme ulikatika, barafu ikachelewa kuganda, naye akafika mchana. Alikuta wafanyakazi wa kiwanda, wekundu kwa vumbi la matofali, wamepanga foleni kwenye dirisha la trela. Ndani ya dirisha alikuwa mama mkwe, anagawa maji ya ndimu kwenye vikombe. Vikombe vilikuwa vinalia barafu.

Injinia alijaribu kukificha kiroba nyuma ya mgongo, ule ule mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Leo umechelewa, wateja wamenisumbua. Zunguka nyuma, nimekuachia wazi."

Injinia hakusogea. "Mama, kumbe ulijua?"

"Blanketi nililowapa siku ya harusi yenu nisilijue? Niliinua godoro na ubao wake siku ile ile, nikalikuta limelalia barafu. Nikamvuta yule mzee mpaka ofisini kwake, nikamwambia, tupunguziane bei au niwaite watu waje waone usasa. Alipunguza mpaka nikamwonea huruma."

"Na joto la chumbani?"

"Joto gani? Fundi alikuja siku niliyohamia. Ubao na selotepu, kamaliza. Sasa hivi najifunika." Akamkabidhi mteja kikombe chake. "Ana ngazi yake mwenyewe. Nikamtajia mkwe wangu, akasema nikusalimie sana."

Foleni ikasogea. Injinia aliona aibu, kisha hasira, kisha akaona mwanya.

"Basi mama, kama chumba kina baridi, barafu ya nini tena? Si nipumzike?"

"Pumzika, baba. Nani amekulazimisha?" alisema mama mkwe kwa upole wa kweli. "Mimi nikikosa barafu nitafunga, nirudi kwenu nikae na mwanangu. Nasikia kochi mlishaligawa, lakini sakafu ipo."

Injinia akazunguka nyuma ya trela, akafungua kifuniko, akamimina kiroba chote.

"Na kesho uongeze," sauti ilimfuata kupitia vile vitundu alivyovitoboa mwenyewe. "Zamu ya jioni nao wameanza kuulizia."

"Sawa, mama," alisema Injinia, akakunja kiroba, akaenda kuchota maji.