Waraka wa Miraba

Umma wote wa Kibingo, Songambele mpaka Rugu unatangaziwa kwamba mashine ya chapa imestaafu kwa heshima zote, na kwamba kuanzia leo kila kibali cha mifugo na mazao kitatolewa na kompyuta. Asiye na shukrani aanze kuzitafuta mapema.

Tangazo hilo lilisomwa mwaka 1993 kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrova ya Idara ya Vibali na Mapokezi. Aliyelisoma ni Bwana Ndyamukama, Kaimu Afisa Maandishi. Alikuwa kaimu tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno, na sasa mtoto yuko darasa la tatu. Kwa hiyo alilisoma kwa sauti ya mtu anayetaka kuthibitishwa kazini.

Jenereta likawashwa nyuma ya ofisi pale Kibingo. Kuku wakakimbia. Mkurugenzi Rwegoshora, aliyekuwa ametoka semina ya kompyuta Arusha, akachomoa disketi mfukoni mwa koti na kumkabidhi Placida, karani wa chapa, kwa mikono miwili kama padri anayekabidhi mtoto aliyebatizwa. Ndani ya disketi mlikuwa na kibali alichokitengeneza mwenyewe huko semina, kwa herufi za mikia mikia, zilizojikunja kama maharage yanayotafuta mti wa kupandia. Alisema herufi hizo zina hadhi. Herufi za kawaida ni za chama cha ushirika.

Kibali cha kwanza kikatoka kwenye printa. Juu kilikuwa na nembo ya Idara na chini kilikuwa na mhuri. Katikati kulikuwa na miraba. Miraba mitupu, mstari kwa mstari, ukurasa mzima.

"Fonti haikuja na faili," alisema Placida. "Hizo herufi zimebaki kwenye kompyuta ya Arusha. Tuchague za kawaida, tumalize."

Ndyamukama alilijua hilo, kama walivyolijua dereva, mhudumu wa chai na hata muuza karanga dirishani. Lakini kulisema kungekuwa sawa na kusema Mkurugenzi amesahau kitu Arusha, na hajatokea kaimu aliyesema hivyo akathibitishwa. Akaunda Kamati ya Ufuatiliaji wa Herufi Zilizopotea.

Kamati ilifanya kazi kubwa. Ilishuku karatasi, ikaanika rimu nzima juani. Ilishuku jenereta kwamba moshi wake unakula wino, ikabadilisha dizeli. Ilishuku mlinzi wa usiku, akapekuliwa mifuko, akakutwa na ugoro tu. Mwishowe ikanywa chai na kuandika kwamba herufi zote zimo ndani ya hati isipokuwa bado hazijajidhihirisha. Mkurugenzi akafurahi. Vibali vikaendelea kutolewa.

Kimoja alipewa Mama Kantengwa wa Songambele. Binti yake Kampire alikuwa amejifungua mapacha huko Rugu, na maziwa yake hayakuwatosha. Kwa watu wa ng'ombe jambo hili halina mjadala: mama mzazi anapelekewa ng'ombe wa kukamua, na anapelekewa upesi, maana kichanga hakijui kusubiri. Kantengwa akamchukua Bihogo, ng'ombe wake mwekundu, pamoja na ndama wake, akaanza safari. Kwenye kizuizi cha Kibingo mlinzi Karekezi akakitazama kibali mbele, nyuma, na kichwa chini miguu juu.

"Mama, hapa hapakuandikwa ng'ombe," alisema. "Hapakuandikwa kitu."

Bihogo na ndama wakaingizwa zizini kando ya kizuizi. Kantengwa akaenda ofisini.

"Marahaba," alisema Ndyamukama, ingawa hakuna aliyemwamkia, na mama yule alikuwa na umri wa kumzaa.

"Mwanangu, nipe ng'ombe wangu. Wajukuu wanalia njaa."

"Ili ng'ombe atoke inahitajika hati ya kumtoa."

"Basi iandike."

Ikaandikwa. Ikatoka miraba.

"Hii haisomeki," alisema Kantengwa.

"Inasomeka kwa watu wenye mafunzo."

"Basi isome wewe mwenye mafunzo."

Ndyamukama aliitazama ile karatasi, akaikunja. "Mimi ni kaimu," alisema. Alimwonea huruma, tena ya kweli, lakini huruma haikuwa kwenye muundo wa utumishi.

Habari za ng'ombe zikamfikia Mkurugenzi. Ijumaa Mgeni Rasmi alikuwa anakuja kutoka mkoani kuiona kompyuta, na mgeni hapokewi kwa maneno matupu. Mkurugenzi akaamua kwamba ng'ombe asiye na hati ni mali ya Idara. Bihogo na ndama wake wakaswagwa mpaka zizi la Mkurugenzi nyuma ya ofisi, walishwe vizuri wakisubiri kisu. Kantengwa akapelekewa barua ya kumjulisha. Ilikuwa na miraba ukurasa mzima na nusu, na aliyeileta akamwambia kwa mdomo yaliyomo. Wanawake wa Songambele waliposikia kwamba anachinjwa ng'ombe anayenyonyesha, walishika vichwa. Kantengwa hakulia. Aliikunja barua, akaitia kwenye fundo la kanga.

Ikabaki aibu ya kizuizi. Mgeni Rasmi angepita palepale, na palikuwa na foleni ya watu wenye mbuzi, kahawa na ndizi ambao Karekezi amewakatalia. Ndipo Ndyamukama alipopata wazo lake kuu. Usiku hakulala, asubuhi waraka ukatolewa, umeandikwa kwa chaki ubaoni ili usomeke. Kwanza, miraba ndiyo alama ya hati halali ya Idara. Pili, mwenye hati ndiye atakayeisoma, na mtumishi aliyepo atakubali. Tatu, mtumishi atakayethubutu kusema hati haisomeki atafukuzwa kazi.

Karekezi aliitwa, akakemewa mbele ya watu, akakaririshwa waraka kama katekisimu. Akaukariri. Ana watoto sita.

Foleni ikaisha siku hiyohiyo. Mbonimpa alikisoma kibali chake cha mbuzi kwamba kinamruhusu kupita na mbuzi wa jirani pia. Theoneste alisoma chake kwamba anaruhusiwa kupika pombe ya rubisi mpaka Krismasi. Karekezi aliwapigia saluti wote. Malalamiko yakakoma kabisa, na Ndyamukama akaandika kwenye taarifa kwamba wananchi wameipokea teknolojia.

Ijumaa ikafika. Mgeni Rasmi, mama mnene wa miwani, alitembezwa kuzunguka kompyuta, akaonyeshwa jenereta, akaketi chini ya turubai. Kisha akaharibu ratiba.

"Nataka kumsikia mwananchi wa kawaida," alisema. "Nani hapa amepata barua ya kompyuta?"

Kantengwa alisimama kabla Ndyamukama hajamwona. Akafungua fundo la kanga, akainyoosha barua, akaishika mbali kidogo na macho kama wafanyavyo wasomaji wazoefu.

"Kwa Mama Kantengwa," alisoma. "Mimi Rwegoshora nimeona aibu kwa kumzuia ng'ombe wa mama mzazi. Nakurudishia Bihogo na ndama wake leo hii. Na kwa kuwa wajukuu zako wamelala njaa kwa ajili yangu, nakupa na mtamba mmoja kutoka zizi langu, yule mwenye baka jeupe."

Akashusha karatasi, akainua mikono juu. "Yampaye inka Rwegoshora!" alipaza sauti. Yaani, amenipa ng'ombe, Rwegoshora! Wanawake wa Songambele wakapiga vigelegele mpaka turubai likatikisika.

Kila mfugaji pale alijua maana yake. Aliyepewa ng'ombe akishaapa kwa jina la mtoaji hadharani, ng'ombe ametoka. Anayemdai tena hapewi mke, hapewi maziwa, na akifa wanakwenda kumzika wachache.

Mkurugenzi alisimama nusu, akakaa. Ili akanushe ingembidi aisome barua kwa usahihi, na mbele ya mgeni ingeonekana kompyuta yake haiandiki.

"Ni kweli imeandikwa hivyo?" Mgeni Rasmi aliuliza.

Mkurugenzi alimtazama kaimu wake. Ndyamukama akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Kifungu cha pili, mheshimiwa. Mwenye hati ndiye anayeisoma."

"Hongera sana, Mkurugenzi," alisema mgeni, na wakala ndizi kwa maharage.

Gari la mgeni lilipoondoka tu, Mkurugenzi aliingia ofisini ananguruma. "Placida! Herufi za kawaida! Sasa hivi!"

Placida aliziweka, akafuta na lile faili la Arusha alivyoamriwa. Maji ya chai hayakuwahi hata kuchemka. Printa ikatoa amri nyeusi, safi, ya kuwarudisha ng'ombe wote watatu, na Mkurugenzi akarukia Landrova pamoja na Ndyamukama. Wakamkuta Kantengwa kizuizini, ng'ombe mbele yake. Mgeni Rasmi naye alikuwa amesimama pale ananunua mkungu wa ndizi.

Karekezi aliipokea amri, akaisoma yote kwa sauti bila kukwama. Uso wake ukajaa huzuni.

"Inasomeka," alisema. "Wazee, hii ni ya kughushi. Haina mraba hata mmoja."

"Nimeiandika mimi!" alifoka Mkurugenzi.

"Basi umejitaja mwenyewe, mzee wangu."

Mgeni Rasmi akaomba asomewe waraka. Karekezi akautoa kichwani, kifungu kwa kifungu. Mgeni akamgeukia Ndyamukama kuuliza kama ni wa Idara kweli, na Ndyamukama, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akajibu moja kwa moja: "Ni wangu."

"Mlinzi ametekeleza," alisema mgeni. "Subirini hapo mpaka ofisi ilete hati halali ya kuwatoa ninyi."

Karekezi akawafungulia Mkurugenzi na kaimu wake zizi la kizuizi, akawafutia sehemu ya kukaa. Kantengwa aliwaambia poleni, akapita na Bihogo, ndama na mtamba, na kabla jua halijazama mapacha wa Rugu walikuwa wamelala na povu la maziwa midomoni.

Kule ofisini jenereta lilinguruma mpaka giza. Placida alijaribu kila kitufe, akaanika rimu nyingine juani, akabadilisha dizeli. Miraba haikurudi. Kila alichochapa kilisomeka.