Sauti ya Tisa Kwenye Arusi ya Virginie

Jumatatu, 13 Agosti 2001

Nimerudi Butembo kutoka Beni na mashine. Sampla kabisa: unainasisha sauti yoyote, unagonga kitufe, inaitoa upya. Urbain wa huko Beni kaniazima, na mimi nimemwachia pikipiki yangu. Biashara nzuri. Pikipiki haina breki.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari wakasema ni phonie, redio ya mawasiliano ya adui. Nikawaeleza ni chombo cha muziki. Hawakucheka. Komanda wao, Aristote, aliyeletwa huku kutoka Kasaï, akaamuru niipigishe. Umeme wapi? Nikamwahidi kwamba jina lake litaimbwa Jumamosi kwenye arusi ya Virginie, na kwamba amealikwa. Akanirudishia mashine kwa mikono miwili. Hajaalikwa. Hilo nitalipanga.

Jumanne, 14 Agosti

Mpango wenyewe huu hapa. Virginie ni dada wa Adèle, mpenzi wangu. Baba yao, Papa Valentin, anauza vitenge hapa mtaani Kimemi, na hataki kunisikia kama mkwe. Kasema mtu wa makelele hawezi kulisha mke. Basi Jumamosi, mbele ya wakwe na majirani, jina lake litatoka kwenye spika na kuvuma. Mzee wa Butembo anayekataa kutupiwa jina ndani ya muziki sijamwona bado. Akiwa bado anatabasamu, namwomba anipe Adèle.

Nimenasa ngoma mbili, njuga, besi na gitaa. Kisha majina: Papa Valentin, baba wa bwana arusi, komanda. Yote nimeyaacha yavume mpaka mwisho wa wimbo. Mzee akisikia jina lake limezimika haraka, atasema umemdharau.

Jumatano, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria, na mimi nagombana na groupe, jenereta za umeme. Inayowaka ni moja tu, ya Papa Maliro, anayeuza vitenge ng'ambo ya barabara na hajamsalimia Papa Valentin tangu wagombanie kibanda sokoni. Nilimwomba kwa upole. Akaniambia: "Courant ni yangu, lakini jina yangu itakosa?" Nikalinasa lake pia, la mwisho kabisa.

Tumejaribu. Jina la Maliro likaingia, ngoma kubwa ikapotea. Mara ya pili, hivyo hivyo. Nimeipiga mashine kofi. Ngoma haikurudi. Papa Maliro akazima groupe na kusema hatawasha tena mpaka siku ya arusi.

Alhamisi, 16 Agosti

Kasonia amekuja bila kuitwa. Ni yule anayepiga kaseti kwenye arusi za watu na kujiita mwanamuziki. Anasema mashine hii ina midomo minane tu. Sauti ya tisa ikifika, iliyokaa muda mrefu kuliko zote inafukuzwa. Anashauri ngoma na njuga nizinase pamoja ziwe sauti moja, nafasi zipatikane.

Ngoma zangu nizipondeponde pamoja kama majani ya sombe? Nimemshukuru kwa baridi. Halafu huo ni uongo mtupu. Ni wapi mzee aliyetangulia anainuliwa kitini ili aliyechelewa akae? Aliyechelewa anasimama. Hata mashine imetengenezwa na watu waliolelewa. Ngoma ilifukuzwa kwa sababu ni ngoma tu.

Dawa nimeipata mwenyewe: jina la Papa Valentin nimeliweka mbele kabisa, kabla ya ngoma. Aliyetangulia hataguswa.

Jumamosi, 18 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Jina la Papa Valentin lilitoka, likajaza uwanja. Mzee akasimama, akanyoosha koti, akainua mikono. Wamama wakapiga vigelegele. Zikaingia ngoma, njuga, besi, gitaa. Akaingia baba wa bwana arusi, jina lake. Akaingia komanda, aliyekuwa amekuja na walinzi wake na kukaa kwenye viti vya wakwe. Nilianza kumtafuta Adèle kwa macho.

Ndipo akaingia Maliro. Papa Valentin akakatika palepale, katikati ya mwangwi. Mahali pake likabaki jina la adui yake, linavuma, naye bado amesimama mikono juu. Papa Maliro akainuka taratibu akasalimia watu.

Mzee akaniangalia. "Weye, unanitosha inje mu arusi ya mutoto yangu mwenyewe?" Akakaa. Hakula.

Nimeona aibu ya kweli. Nilifungasha nyaya nikiwa nimeinamisha kichwa.

Jumapili, 19 Agosti

Adèle amekuja baada ya misa. Macho yamevimba. Kasema amemweleza baba yake kwamba kosa ni la mashine, na mzee ametoa nafasi moja, ya mwisho. Jumapili ijayo niende nyumbani kwao nipige wimbo wa kuomba msamaha. Jina moja ndani yake, la Papa Valentin, basi. Nikiharibu, Adèle anapelekwa kwa shangazi yake kule Mutwanga. Kasema pia Kasonia yuko tayari kunisaidia. Nimeapa jina moja. Kasonia hapana.

Sasa napanga. Jina moja, sawa. Lakini ukimwimba Papa Valentin ukawaruka ndugu zake, nao watakuwa wamekaa palepale sebuleni, watasema sina adabu. Wako wanne. Groupe bado ni ya Maliro. Na komanda ametuma mtu kuuliza wimbo unaanza saa ngapi.

Hakuna shida. Papa Valentin nitamweka mbele kabisa, mahali salama.