Kilo za Meja na Omena Wasioandikwa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Meja, mbwa wa Amongin, anakojoa damu! Si mwanzo mzuri wa shajara, lakini ndiyo habari ya leo. Amongin ndiye mwenye yadi hii ya malori hapa Burumba, karibu na mpaka wa Uganda. Mimi, Hesbon, wakala wa forodha, nimepanga kwake nafasi ya meza moja, kwenye kivuli cha ukuta. Mwaka wa nne sasa. Nampenda tangu mwezi wa pili wa kupanga. Hajui. Au anajua, anangoja niseme.

Nabwire, daktari wa mifugo, amempiga Meja picha ya eksirei. Mawe mawili kwenye kibofu. Na kesho Amongin anaenda Soroti, dada yake amejifungua mapacha, atakaa wiki nne. Nani atamlisha Meja chakula cha daktari? Egwang, fundi wa magurudumu, alikuwa anafungua mdomo. Nikamtangulia! Amongin akaniangalia sana. Akasema, "Hesbon, huyu mbwa baba aliniachia. Akikufa usinipigie simu. Hama tu." Mtu hasemi hivyo kwa asiyemwamini.

Jumanne, 6 Mei

Kwa Nabwire. Mezani mifuko miwili ya chakula kikavu. Nilipenda ule wa kijani, mbwa wake anatabasamu. Nabwire akasema picha haichagui chakula, jiwe ndilo linalochagua. Mkojo umepimwa, na mawe ya Meja yanaelekea kuwa ya aina inayoyeyuka. Basi ni mfuko wa bluu, pamoja na dawa. Ule wa kijani ni wa mawe yasiyoyeyuka. Hayo hutolewa kwa kisu kwanza, chakula kinazuia mengine yasije. Akaongeza kwamba chakula kikavu kinataka maji mengi, kwa hiyo nikiloweshe na karai lisikauke hata siku moja. Na kitu kingine kisipite mdomoni. Si mfupa, si maziwa, si omena, hao dagaa wa ziwani.

Kisha fomu. Uzito wa mbwa? Kipimo cha chakula kinatoka hapo. Mizani ilikuwa mlangoni, hatua tano tu. Nikamwambia daktari sisi mawakala hupima kwa macho. Meja ni kilo thelathini na mbili, nimewahi kumbeba. Mkono ukaandika kumi na tisa. Wallahi sijui kwa nini! Mbwa halipiwi ushuru. Lakini ni miaka kumi na minane ya fomu, na mkono huu haujawahi kuandika mzigo mzima. Penye swali la anachokula sasa nikaandika: vyakula vya kawaida. Maana yake ni omena. Nampa mwenyewe kila asubuhi, kutoka mfukoni, kwa sababu bila omena ananibwekea mbele ya Amongin.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua ya alfajiri imelaza vumbi. Foleni ya malori imefika mbali, madereva wamelala, na upande wa Uganda mawingu yamekaa chini kabisa. Asubuhi ya kuoa hii. Nikaona kila kitu: turubai la lori jipya limekuwa hema, Amongin amevaa gauni la gomesi la rangi ya maziwa, Meja ametangulia na utepe shingoni, mzima.

Nilipozinduka kutoka ndotoni, Meja alikuwa ananitazama. Alishamaliza chakula kwa kulamba mara nne. Kipimo ni cha mbwa wa kilo kumi na tisa. Ndani yake kuna mbwa mwingine wa kilo kumi na tatu ambaye hakuandikwa, na huyo ndiye mwenye njaa. Roho iliniuma. Nikaenda kwa Nusura muuza omena. Akaniuliza, "Boss, siku hizi wewe ni paka?" Nikampa Meja watatu. Tuseme watatu.

Egwang anajaza karai la maji mara nne kwa siku. Nimemwambia ashughulike na magurudumu yake. Akajibu, "Mimi naweka tu maji, mzee." Mzee! Tumepishana miaka miwili.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya misa nilisinzia mezani. Nikaota jiwe la Meja limefika mpakani, linang'aa, na mimi ndiye wakala wake. Afisa akauliza limetoka nchi gani. Nikasema linapita tu. Akagonga muhuri, likaenda zake Kampala polepole, na Amongin akalipungia mkono. Niliamka na furaha ya ajabu.

Meja amesimama ukutani dakika nzima, matone mawili. Amongin akapiga simu. Nikamwambia anaendelea vizuri. Tuseme vizuri.

Jumanne, 3 Juni

Amerudi! Akanipita, akaenda kwa mbwa. Kisha sote kwa Nabwire, Egwang akimbeba.

Mawe hayajapungua hata kidogo. Nabwire alishangaa. Akasema basi huenda ni yale yasiyoyeyuka, itabidi kisu, kesho. Lakini Meja ana miaka kumi na moja na amekonda, anaweza asiamke. Amongin alishika sikio la mbwa wake. Sijawahi kuogopa hivyo, hata mbele ya wakaguzi.

Nikakiri. Nikasema huenda uzito ulikosewa. Ni ngapi, akauliza daktari. Ishirini na nne, nikasema. Egwang akambeba Meja hadi kwenye mizani bila kunitazama. Ishirini na nane, na hapo amekonda! Nabwire akauliza kama amekula kingine. Nikasema omena, wachache. Amongin akaingiza mkono wake mwenyewe kwenye mfuko wa koti langu, akautoa umejaa vichwa vya omena. Miaka minne nimeota mkono huo ukinigusa. Sikuuota hivi.

Hakuna kisu, kwa sasa. Tunaanza upya: mfuko wa bluu, dawa, kipimo cha kweli, wiki nne zingine, kisha picha. Nabwire akasema bahati ni maji, kuna mtu amekuwa akimnywesha vizuri, la sivyo njia ingeziba na Meja angekufa. Amongin akamtazama Egwang. Mtazamo huo naujua. Niliuandalia hema.

Jumatano, 4 Juni

Mbwa yuko kwa Egwang, pamoja na mfuko wa chakula. Sijafukuzwa. Meza yangu imehamishiwa langoni, juani. Nimejifunza! Naapa mbele ya shajara hii: kuanzia leo naandika mzigo wote, na Meja hapati hata mwiba kutoka kwangu.

Saa nne mawingu yakaja kutoka Uganda, yakanifunika vizuri. Amongin yuko sokoni. Egwang yuko chini ya lori, miguu tu inaonekana. Meja akaja taratibu, akaweka kidevu kwenye goti langu. Hakubweka. Mfukoni nilikuwa na omena wa chakula changu cha jioni. Akanitazama, nikamtazama.

Nimempa mmoja. Tuseme mmoja.